Uliza Mzee wa Mipira: Wa 500 duniani anakula nini?

Wiki hii sijui mmepatwa na nini, kawaida mnaniuliza Simba na Yanga mpaka nachoka, ghafla barua zote tenisi. Basi sawa. Kwa wageni wa safu hii, mimi niliokota mipira kwenye klabu moja ya wazungu na wahindi nikiwa mdogo, ndo nikajifunzia hapo hapo kwa raketi ya kuazima, nikafundisha, sasa goti limegoma nimebaki kuangalia na kuandika. Tuanze.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Mipira. Mimi ni Mama Neema, nipo Arusha. Binti yangu ana miaka 16, anacheza tenisi tangu ana miaka 8 na hapa mkoani hakuna msichana wa kumfunga, hata wavulana wengine anawatandika. Sasa kocha wake kaniambia akimaliza form four asiende form five, aingie moja kwa moja tenisi ya kulipwa, eti akifika tu nafasi ya 500 duniani maisha yamenyooka. Baba yake anasema tuuze kiwanja cha Usa River tumuwezeshe. Mimi roho inasita. Hivi mtu wa 500 duniani anapata kiasi gani? Maana 500 kwa dunia nzima si mchezo, mimi ningekuwa wa 500 duniani kwa kupika ningekuwa na hoteli yangu.

Marahaba Mama Neema. Kiwanja msiuze. Tukubaliane hilo kwanza halafu ndo tuongee mengine.

Hiyo ya kupika nimeicheka mpaka mama watoto kaja kuchungulia kuna nini, lakini umegusa penyewe. Mcheza mpira wa miguu wa 500 kwa ubora duniani ana jumba na magari hajui aendeshe lipi. Mcheza tenisi wa kike wa 500 anafua jezi yake kwenye sinki la hoteli, na usiku anapiga hesabu kama nauli ya wiki ijayo itatosha. Tofauti ni kwamba mpira unaajiriwa, klabu inakulipa ukikaa benchi, inakulipa ukivunjika mguu. Tenisi ukiacha zile ligi za klabu za Ujerumani na Ufaransa ambako wengine wanaenda kuchuma chochote kitu, hakuna anayekulipa mshahara. Wewe ndo kampuni, wewe ndo mfanyakazi, wewe ndo mhasibu, na ukiumwa kampuni imefungwa.

Sasa ngazi zenyewe ziko hivi. Chini kabisa kuna mashindano yanaitwa W15, zawadi yake yote ni dola 15,000 na usidhani hiyo ni ya bingwa, hiyo wanagawana wote wa singo, yani mmoja kwa mmoja, na wa dabo, yani wawili kwa wawili. Bingwa wa singo anaondoka na dola elfu 2 na kitu, aliyetolewa raundi ya kwanza haifiki dola 200, na bado kuna nchi wanakata kodi humo humo, na yule aliyetolewa kwenye mchujo anaondoka na jasho lake tu. Hiyo 15 ya kwenye jina ndo pointi za orodha ya dunia anazopata bingwa. Juu yake kuna W35, W50, W75, W100, halafu ndo unaingia mashindano ya WTA yenyewe, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, na kileleni Grand Slam nne, yale mashindano makubwa kuliko yote. US Open ya 2025, ile Grand Slam ya New York, aliyefungwa mechi ya kwanza tu akafunga begi kaondoka na dola 110,000, bingwa milioni 5. Piga hesabu mama: ili Neema afikishe hela ya yule aliyefungwa mechi moja New York inabidi achukue ubingwa wa W15 kama mara 50, na mwaka una wiki 52.

Na hizo W15 haziko Arusha. Ziko Monastir kule Tunisia, Sharm El Sheikh Misri, Antalya Uturuki, yani wanapiga mashindano wiki baada ya wiki kwenye hoteli ile ile ya ufukweni, mchezaji anakwenda anakaa wiki tatu nne ili tiketi ya ndege imlipe. Sehemu nyingi unalala hoteli ya mashindano kwa bei yao, kwa hiyo wasichana wanabanana wawili chumba kimoja, na unaweza kuamka asubuhi ukakuta unayecheza naye leo ndo huyo anayepiga mswaki hapo.

Shirikisho la tenisi la dunia, ITF, walishawahi kukaa na kupiga hesabu ya gharama za mwaka 2013. Wakakuta mchezaji wa kike kwa wastani anatumia dola 40,180 kwa mwaka, ndege, malazi, chakula, nyuzi za raketi, dobi, na hapo KOCHA HAYUMO. Na wakakuta mwanamke anaanza kurudisha gharama zake akiwa kwenye nafasi ya 253 hivi. Kurudisha gharama tu, si faida. Kwa bei za tiketi za 2013 hizo. Kwa hiyo huyo wa 500 wa kocha wa Neema, jibu fupi la swali lako ni kwamba analipa ili afanye kazi.

Nikupe picha niliyoiona kwa macho yangu. Miaka kadhaa nyuma nilipanda basi Dar mpaka Nairobi kwenda kuangalia mashindano ya wanawake ya hizi ngazi za chini, kiuno kiliuma wiki nzima. Watazamaji niliwahesabu tulikuwa 19 pamoja na mpishi wa kantini aliyetoka kupunga upepo. Kulikuwa na dada mmoja katokea Ulaya mashariki huko, kapiga mechi masaa matatu kasoro jua la saa 7 linachoma, kafungwa seti ya tatu. Sikuona machozi. Alikuja akakaa chini ya mti pale karibu na mimi, akatoa raketi, akaanza kubandua ile gripu ya juu inayofungwa kwenye mpini, ilikuwa imeshaloa na kuchakaa. Nikajua anaitupa. Hakuitupa, aliigeuza upande wa ndani ukawa nje, akaifunga tena taratibu kama mtu anayefunga bandeji, akaibana na plasta. Gripu ambayo bei yake ni ya soda mbili! Mkono wa pili kashika simu anatafuta ndege ya kutoka usiku ule ule ili asilipe hoteli siku moja zaidi. Nikamsalimia, tukaongea kidogo Kiingereza chake na changu vyote vya kuombea maji, akaniambia akirudi kwao anafundisha watoto wiki mbili ndo anapata nauli ya mashindano mengine. Nilipofika nyumbani nikamtafuta kwenye orodha, alikuwa mia nne na kitu. Wa mia nne na kitu DUNIANI, mama Neema.

Najua kocha atakuletea mfano wa yule Mfaransa Lois Boisson, alikuwa wa 361, goti lilishamharibikia mwaka mmoja nyuma, akaingia Roland Garros 2025, Grand Slam ya Ufaransa, akawapiga vigogo Pegula na Andreeva akafika nusu fainali. Kweli kabisa, na mimi niliruka kwenye kochi. Ila muulize kocha Boisson aliingiaje, maana kwa namba ile hata kwenye mchujo usingefika. Alipewa waildikadi, yani nafasi ya upendeleo waandaaji wanampa mtu ambaye namba yake haimfikishi. Na waildikadi nyingi za Roland Garros wanapewa Wafaransa, za Wimbledon Waingereza, za New York Wamarekani na za Melbourne Waaustralia, wenye nyumba wanawagawia watoto wao kwanza, sisi hatuna Grand Slam ya Dodoma.

Halafu kuna viza, hii watu hawaisemi. Orodha ya kujiandikisha haya mashindano madogo inafungwa wiki mbili na ushee kabla. Msichana wa Italia anaamua leo anacheza wapi mwezi huu, anapanda ndege kaenda. Neema na pasipoti yetu akitaka kucheza Ulaya anatakiwa awe ameshapanga foleni ya ubalozi kabla hata hajajua kama jina lake limeingia. Pointi zenyewe zinaishi wiki 52 tu, ikifika wiki ile ile mwakani zinadondoka, kwa hiyo ukisubiri viza mwezi mmoja namba yako inashuka umekaa nyumbani unakula ugali.

Neema aende form five. Acheze mashindano ya vijana ya ITF chini ya miaka 18, mengine yanapita hapa hapa jirani Nairobi unakwenda kwa basi, apate namba ya vijana, halafu tuone. Soma na jibu la chini hapo utaelewa naelekea wapi.

SWALI: Sasa Mzee, mimi ni Atieno wa Kisumu. Hii kitu hunikera hadi leo. Angella Okutoyi alishinda dhahabu kule Accra, na tukaambiwa ndiyo tiketi ya Olimpiki, halafu Paris hakuenda. Walimnyima juu ni Mkenya ama nini?

Atieno dadangu hapana, hawakumnyima kwa sababu ya nchi, walimnyima kwa sababu ya namba, na ukinisikiliza utaona namba nayo ina ukoo.

Kwa wasiomjua, Okutoyi kazaliwa Januari 2004, mama yao alifariki wakati wa kumzaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi yao aliyekuwa anafanya kazi ya usafi kwenye shule moja Nairobi. Tenisi kaianzia huko. Akachukuliwa kwenye kituo cha ITF Bujumbura akiwa bado kadogo, baadaye akaenda kile cha Casablanca, ambako hata yule Mrundi Sada Nahimana alipita. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, kule Australia. Julai mwaka ule ule akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp akachukua ubingwa wa dabo wa wasichana Wimbledon, walifungwa seti ya kwanza 6-3, wakachukua ya pili 6-4, ikaenda kwenye taibreki ya pointi 10, ile ya kuamua mshindi badala ya seti ya tatu, wakamaliza 11-9. Niliiangalia kwenye simu ya mtu maana bando langu lilikuwa limekata, tulikuwa watu sita kwenye simu moja.

Baada ya hapo alikuwa na njia mbili, aende akaanze kuzunguka kwenye hizo W15 kwa hela ambayo hana, au achukue skolashipu. Akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, 2023. Na mimi nasema alifanya akili, maana chuo kinakupa kocha, gym, daktari, nyuzi, chakula na shahada juu yake, vitu ambavyo yule dada wa gripu pale Nairobi alikuwa anavitafuta kwa kufundisha watoto. Usione chuo kama kustaafu, Danielle Collins katoka chuo cha Virginia akafika fainali ya Australian Open 2022.

Lakini mechi za chuo hazina pointi za WTA hata moja. Unaweza kufunga watu msimu mzima na kwenye orodha ya dunia huonekani unasogea. Sasa Machi 2024 akaenda michezo ya Afrika Accra, akamtoa Mayar Sherif wa Misri ambaye ni mtu mkubwa kabisa, fainali akampiga Mmisri mwingine, dhahabu. Tiketi ya bara hiyo hapo. Ila tiketi ilikuwa na sharti kwa maandishi madogo, kwamba ikifika orodha ya tarehe 10 Juni 2024 lazima uwe ndani ya 400 bora duniani. Hakuwamo. Basi.

Yani mtu kawa bingwa wa bara zima halafu anaambiwa hujazunguka vya kutosha. Na kuzunguka ni hela, na hela ndo ile nilimwambia Mama Neema. Ndo maana nasema namba ina ukoo, Atieno. Kama hasira yako bado ipo ielekeze kwenye swali la kwa nini Afrika mashariki yote kwa mwaka mzima hatuna mashindano ya kutosha ya wanawake, kwamba msichana wetu aokote pointi zake kwa nauli ya basi kama Waturuki wanavyookota Antalya.

SWALI: Jambo Mzee, ni mimi Papa Dido wa Goma. Huyu Victoria Mboko ni wetu au ni wa Canada?

Jambo sana Papa Dido. Bendera ni ya Canada, wazazi wametoka Congo, kazaliwa Marekani 2006, gawaneni wenyewe msije mkanigombanisha.

Ila umenikumbusha kitu kitamu ambacho wengi hawajakiunganisha. Ile fainali ya dabo ya Wimbledon 2022 ambayo Okutoyi alishinda, unajua upande wa pili wa neti alikuwepo nani? Mboko, na mwenzake Kayla Cross. Miaka miwili na nusu mbele, Januari 2025, Mboko anaanza mwaka akiwa nje ya 300 bora, anacheza W35 visiwani Martinique na Guadeloupe, hakuna kamera hakuna nini. Akashinda, akashinda tena, pointi zikapanda, Agosti mwaka ule ule anasimama Montreal anamfunga Naomi Osaka kwenye fainali ya mashindano makubwa. Pale aliingia kwa waildikadi. Canada ni kwao, na Canada wana mashindano. Unaona tena mambo ya wenye nyumba.

SWALI: Oya mzee, wiki iliyopita kuna demu mmoja wa W35 kanichania mkeka wangu wa timu 14, alikuwa anaongoza seti moja na 4-1 akafungwa. Hawa wa chini si wanauza mechi? Nilimtumia inbox nikamwambia ukweli wake. Mdau, Temeke.

Mdau, hilo "ukweli wake" umelitaja haraka haraka, hebu turudi hapo. Ulimwandikia nini? Maana WTA na ITF walitoa ripoti yao ya 2024, meseji za matusi na vitisho karibu 8,000 kwa wachezaji 458, na asilimia 40 zilitoka kwa watu wa kamari waliochaniwa mikeka kama wewe. Msichana katoka kupoteza dola mia kadhaa, hana kocha wa kumfariji, yuko peke yake chumbani ugenini, anafungua simu anakuta mtu wa Temeke anamuombea mama yake ugonjwa. Kwa buku mbili yako!

Kuhusu kuuza mechi, wapo wanaouza, sitakudanganya, na wanafungiwa, wengine maisha. Na wengi wanaokamatwa ni wa ngazi za chini, sababu unaiona mwenyewe: mtu analipwa haifiki dola 200 kwa kufungwa raundi ya kwanza, halafu anakuja mjanja mmoja na bahasha nene kuliko zawadi ya ubingwa anamwambia achia seti ya pili tu. Halafu mechi ya watazamaji 19 inabetiwa na dunia nzima. Lakini kuongoza 4-1 ukafungwa hiyo ni tenisi Mdau, hata mimi nilishawahi kuongoza 5-0 mbele ya wakwe zangu nikafungwa, na hakuna aliyenipa hata shilingi.

Futa hiyo meseji, omba radhi. Na mkeka wa timu 14 hata usingechanwa na yeye ungechanwa na mwingine.

SWALI: Mzee ni mimi tena Mama Neema, nimekufuata WhatsApp kabla hujachapisha. Nimemwambia kocha habari ya form five kakasirika, kaleta mkataba. Anataka asilimia 30 ya mapato yote ya Neema ya tenisi kwa miaka 10, anasema ndo kawaida ya dunia. Tusaini?

Mama Neema, kocha wa mtoto wa miaka 16 analipwa kwa saa au kwa mwezi, na kama mmekuwa mkimlipa hamna deni naye. Hakuna kusaini.

Ila usigombane naye, kamfundisha mtoto vizuri na anaweza kuwa anaamini kabisa anachosema. Mrudishie karatasi yake ukiwa umebadilisha neno moja tu, palipoandikwa "mapato" weka "faida". Neema akishinda W15 ana dola elfu 2, hayo ni mapato, kocha atataka 600 yake hapo hapo, wakati binti ndege na hoteli vimeshakula 1,800. Faida ni 200, asilimia 30 yake ni dola 60. Na hiyo ni wiki ambayo kawa BINGWA. Mwachie hiyo hesabu aende nayo nyumbani, akirudi bado anataka kusaini nijulishe.